Uzi maalumu: Kuunganisha mfumo wa ankara na malipo ya Serikali kwa XML, na yanayokwamisha wengi

#1 · fundi_mifumo (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Swali linalorudi mara kwa mara hapa jukwaani ni la mtu aliyepewa kazi ya kuunganisha mfumo wa ankara wa taasisi na lango la malipo ya Serikali ya Tanzania, GePG. Anafungua mwongozo, anakuta XML (data iliyoandikwa ndani ya lebo) kila ukurasa, anakuja kuuliza: "Hivi hii kitu bado ipo? Kwa nini wasiweke JSON tu?" JSON ni njia nyingine, nyepesi, ya kuandika data. Basi watu wanagawanyika timu mbili, mabishano yanajaza kurasa, na mwenye kazi anaondoka mikono mitupu. Leo naomba tuongelee kazi yenyewe, maana inagusa fedha za watu. Mwananchi aliyelipa bili ya maji asubuhi na jioni akakatiwa, mara nyingi fedha yake haijaenda popote. Kilichopotea ni ujumbe mmoja kati ya seva mbili, na aliyejenga mfumo hakuacha njia ya kuutafuta.

Mfano wangu utakuwa mamlaka ya maji. Ina programu ya kusoma mita na kutoa ankara, ina programu ya uhasibu, na wateja wake wanalipa kwa ile namba ya malipo ya tarakimu 12 inayoanza na 99. Anayejenga mfumo wa hospitali, chuo au halmashauri atabadilisha majina tu.

Kwanza XML ilikotoka, kwa ufupi. XML 1.0 ilipitishwa na W3C, shirika la viwango vya wavuti, tarehe 10 Februari 1998, ikiwa mtoto wa SGML, kiwango cha ISO cha mwaka 1986 cha kupanga nyaraka. Kabla yake, kampuni zilizotaka kutumiana oda na ankara kwa kompyuta zilitumia EDI: X12 kule Marekani, EDIFACT ya Umoja wa Mataifa kwingineko. EDI ilifanya kazi, na hadi leo taarifa nyingi za mizigo ya meli zinatembea nayo, ila ilikuwa mambo ya wenye mitaji: mitandao ya kulipia, programu ghali, wataalamu wachache. XML ikipita juu ya HTTP ilimfungulia mlango hata mwenye ofisi ndogo. Mwaka 2000 ikaja SOAP 1.1, bahasha ya kubebea ujumbe. Mwaka uliofuata ikaja WSDL 1.1, faili linaloeleza huduma inapokea nini na inarudisha nini, kiasi kwamba programu inaweza kukuandikia yenyewe kodi (maandishi ya programu) ya kuiita huduma hiyo.

Kulikuwa na kipande cha tatu, UDDI, daftari la dunia nzima ambamo mifumo ingetafutana na kuunganishwa bila watu kukaa mezani. IBM, Microsoft na SAP walilifunga daftari lao la wazi Januari 2006. Nalitaja kwa sababu linaonyesha mpaka wa teknolojia hii. Mifumo miwili ya biashara haiunganiki kabla watu wa pande mbili hawajakubaliana ankara ni nini, nani anaruhusiwa kuifuta, na mteja akilipa pungufu inakuwaje. Hayo hayamo kwenye WSDL.

Tuje GePG, iliyoanza kutumika 2017. Wengi wakiona XML wanadhani ni SOAP, wanahangaika kutafuta WSDL. Haina bahasha ya SOAP. Ni XML ya kawaida unayoituma kwa POST, yenye sehemu ya ujumbe na sehemu ya saini ya kidijitali. Mtiririko wake ndio unaotakiwa uuelewe kabla hujagusa kodi.

Mfumo wako unatuma ombi la ankara. Lango linajibu papo hapo kwamba limelipokea. Kwenye mwongozo ambao wengi wetu tumeufanyia kazi, jibu zuri ni msimbo 7101. Namba ya malipo haimo kwenye jibu hilo. Inakuja baadaye, kwa lango kukupigia hodi wewe, kwenye anwani uliyoisajili, nawe unatakiwa ukiri kuipokea. Mteja akilipa kwa simu au benki, lango linakuja tena na taarifa ya malipo, nawe unakiri tena. Kwa hiyo mfumo wako ni mteja na ni seva kwa wakati mmoja. Ukijenga upande wa kutuma peke yake, umejenga nusu.

Ukipeleka barua ofisini, masjala wanagonga muhuri wa "imepokelewa" kwenye nakala yako. Muhuri ule haumaanishi mkurugenzi amekubali ombi lako. 7101 ni muhuri wa masjala. Nimekuta mifumo ambayo ikipata jibu hilo inaandika kwenye hifadhidata "ankara imekamilika", halafu mteja anapigiwa simu aje achukue namba ambayo haijazaliwa.

Ndiyo maana nasisitiza ankara isiwe na hali mbili tu, imelipwa na haijalipwa. Iwe na safari: imeandaliwa, imetumwa, imepokewa na lango, imepata namba, imelipwa sehemu, imelipwa yote, imefutwa, muda wake umekwisha. Kila hali iwe na saa yake. Siku mteja akija juu, unamwonyesha ujumbe wake ulikwama hatua gani.

Jambo la mwisho kwenye bandiko hili, nalo ndilo kiini cha yote. Umetuma ombi, ukasubiri sekunde 30, hakuna jibu. Ujumbe ulifika au haukufika? Huwezi kujua. Huenda ulipotea ukienda, huenda umefanyiwa kazi na jibu ndilo lililopotea likirudi. Kutojibiwa si kushindwa. Dawa yake ni kwamba kila ankara iwe na kitambulisho chake unachokitoa wewe kabla ya kutuma, na unapotuma tena, utume kwa kitambulisho kilekile. Kodi inayotengeneza kitambulisho kipya kila inapojaribu tena inamzalia mteja mmoja ankara mbili za mwezi mmoja.

Na upande wa kupokea vivyo hivyo. Taarifa ya malipo ileile inaweza kukufikia mara mbili, kwa sababu kukiri kwako kwa mara ya kwanza hakukufika. Mara ya pili, kiri kama ulivyokiri mwanzo na usiandike muamala mwingine. Kinga hiyo iweke kwenye hifadhidata yenyewe, kwa sharti kwamba namba ya muamala haijirudii. Ukiiweka kwenye kodi tu, "angalia kama upo, kama haupo andika", jumbe mbili zikiingia kwa pamoja zote zitaona haupo.

Karibuni. Mwenye swali aulize, mwenye uzoefu tofauti aongeze.

---

#2 · kijana_wa_php

Asante sana mkuu, umenifungua macho. Mimi nimekwama kwenye saini. Cheti ninacho, ufunguo ni wenyewe, ila kila nikituma najibiwa saini si sahihi. Nimechoka kabisa. Tatizo linaweza kuwa nini?

---

#3 · fundi_mifumo (mleta uzi)

Pole mdogo wangu. Cheti kikiwa sawa, sababu karibu zote zinarudi kwenye jambo moja: ulichosaini na ulichotuma havifanani herufi kwa herufi.

Tazama umbo hili, nimelibuni kwa ajili ya maelezo:

```
<Ujumbe><Ankara><Namba>MJ-2041</Namba><Kiasi>18500.00</Kiasi></Ankara><Saini>k3Qx...</Saini></Ujumbe>
```

Kinachosainiwa ni kuanzia `<Ankara>` hadi `</Ankara>`, kama kilivyo. Kwa kichanganuzi cha XML (programu inayoisoma), `<Namba>MJ-2041</Namba>` ikiwa kwenye mstari wake au ikiwa imebanwa na wenzake, maana ni ileile. Kwa saini, nafasi moja ikiongezeka kati ya lebo mbili, hiyo ni nyaraka nyingine kabisa. Sasa fuatilia kodi yako. Unaunda XML kwa SimpleXML, unasaini, halafu unaipitisha tena kwenye kitu kinachoipanga vizuri ili isomeke? Umeivunja. Unaita asXML() kwenye kitu kizima, inakuwekea mstari wa `<?xml version="1.0"?>` juu, unausaini pamoja nao halafu unautoa? Umeivunja. Faili la kiolezo lilihifadhiwa kwenye Windows lina mistari inayoishia tofauti na ya seva ya Linux? Umeivunja.

Njia ninayoiamini ni hii: tengeneza kipande cha ndani kama mfuatano wa herufi, kisaini, kisha kizungushie bahasha kwa kuunganisha maneno tu. Usikipitishe tena kwenye kichanganuzi chochote. Ujumbe unaoingia nao hivyohivyo. Kata kipande kilichosainiwa kutoka kwenye maandishi ghafi yaliyofika, kihakiki, ndipo ukisome. Ukianza kwa kuusoma na kuuandika upya, saini ya halali itakataa, utawalaumu watu wa upande wa pili bure.

W3C wana kiwango chao, XML Signature cha mwaka 2002, ambacho kinaanza kwa kuilainisha XML iwe na umbo moja linalokubalika kabla ya kusaini. SOAP za benki nyingi zinafuata hicho. Usichanganye taratibu hizi mbili. Soma mwongozo uliopewa unataka upi, na unataka SHA-1 au SHA-256, yaani njia ipi ya kufupisha maandishi kabla ya kuyasaini. openssl_sign() ya PHP usipoiambia kitu inatumia SHA-1.

Kingine kinachowapata waliohamia seva mpya: OpenSSL 3, inayokuja na Ubuntu 22.04, inakataa kufungua mafaili mengi ya zamani ya .pfx (yanayobeba cheti na ufunguo wake) kwa sababu yamefungwa kwa njia dhaifu. Amri ya `openssl pkcs12` inabidi uiongezee `-legacy` utoe ufunguo, kisha uufunge upya kwa njia ya kisasa. Usije ukadhani nywila ndiyo mbaya.

---

#4 · mhasibu_kanda_ya_ziwa

Naomba niongee kama mtumiaji, maana mimi ni mhasibu, kodi siijui.

Ninyi vijana mkishaona ujumbe unaenda na kurudi mnasema kazi imekwisha, mnatukabidhi. Kwetu kazi ndiyo inaanza. Kila asubuhi nahitaji orodha tatu ziongee lugha moja: ankara zilizotoka kwenye mfumo wetu, malipo ambayo lango linasema limepokea, na fedha zilizoonekana kwenye akaunti ya benki. Ikipungua hata shilingi mia, mkaguzi hataki kusikia habari za seva. Kwa hiyo usuluhishi wa hesabu ujengwe tangu siku ya kwanza. Lango lina huduma ya kuomba miamala ya siku iliyopita, lakini nimefanya kazi na mifumo miwili ambayo mafundi hawakuigusa kabisa, wakasema tutaangalia baadaye.

Na suala la saa. Tulikuwa tunapata tofauti ndogo kila siku, leo imezidi, kesho imepungua. Ikaja kugundulika seva ilikuwa inahesabu kwa saa za Greenwich. Sisi tuko saa tatu mbele. Kila aliyelipa kati ya saa sita usiku na saa tisa usiku aliandikwa siku ya jana. Watu wanalipa bili usiku, msidhani hawalipi.

Pia tunaomba pawe na mahali pa kuweka malipo yaliyoingia bila kujulikana ni ya ankara ipi. Mfumo usiyakatae wala usiyafute. Yakae sehemu yao, tuyashughulikie na mtu wa kuidhinisha awepo.

---

#5 · fundi_mifumo (mleta uzi)

Mama/Baba mhasibu, shikamoo. Hili bandiko lako mafundi wote walisome mara mbili. Nitaongeza kidogo tu kwa upande wetu: tarehe kwenye XML iandikwe na tofauti yake ya saa, mfano `2025-03-14T01:20:00+03:00`, ili asiwepo wa kubahatisha. Na kiasi cha fedha kisihifadhiwe kwenye namba za desimali zinazoelea. Tumieni aina ya desimali kamili ya hifadhidata. Shilingi zetu hazina senti mkononi, lakini ukigawanya tozo na kodi ya Serikali ndani ya ankara elfu kadhaa, vipande vinajikusanya.

---

#6 · msomi_wa_api

Kwa heshima zote mleta uzi, naona unaipamba XML. Ukweli ni kwamba ni nzito, jina la lebo linaandikwa mara mbili, kwenye simu inakula bando, na vijana wanaotoka vyuoni wanajua JSON. Roy Fielding alieleza REST, mtindo wa kujenga huduma juu ya HTTP ambao leo unaenda zaidi na JSON, mwaka 2000, mwaka uleule wa SOAP 1.1, na robo karne baadaye tunaona nani alishinda. Taasisi zetu zingehamia huko tukapumzika.

---

#7 · dev_nairobi

Habari zenu wakuu, salamu kutoka Nairobi.

@msomi_wa_api niruhusu nikuelezee yaliyotukuta huku, kwa sababu sisi tumeshahama. Zamani kuunganisha mfumo wako na M-Pesa ilikuwa SOAP, vyeti, na njia ya faragha ya mtandao hadi kwa Safaricom. Mwaka 2017 wakafungua Daraja, lango lao la watengeneza programu, ikawa REST na JSON. Nakubali kabisa kwamba kuanza kumekuwa rahisi. Mwanafunzi anaweza kujaribu akiwa hosteli.

Lakini yale aliyoyaandika mleta uzi hayakuondoka. Ukimtumia mteja ombi la kuweka PIN kwenye simu, Daraja inakurudishia ResponseCode 0. Hiyo ni kusema ombi limepokelewa basi. Mteja kalipa au hakulipa utajua kwenye ResultCode inayokuja baadaye kwenye anwani yako. Ikiwa 1032, mteja mwenyewe amefuta. Na isipokuja kabisa, lazima uulize wewe kwa kutumia CheckoutRequestID uliyopewa mwanzo. Nimeona maduka ya mtandaoni yakitoa bidhaa kwa kuona ile 0 ya kwanza. JSON safi kabisa, na mali imeondoka.

Kwa hivyo muundo wa ujumbe umebadilika, makubaliano ni yale yale.

---

#8 · fundi_mifumo (mleta uzi)

@dev_nairobi asante sana, umesema vizuri kuliko mimi.

@msomi_wa_api hoja yako ya uzito ni ya kweli na sitaipinga. Programu ya simu inayoongea na seva yako mwenyewe, tumia JSON bila kuuliza mtu. Ila usimwambie kijana kwamba XML imekufa, utampotosha. Kiwango cha ujumbe wa kifedha cha ISO 20022 kilichotoka 2004 kinaandikwa kwa XML, na Novemba 2025 SWIFT, mtandao wa ujumbe wa benki duniani, ulimaliza kipindi cha mpito ambapo maagizo ya malipo ya kimataifa kati ya benki yaliruhusiwa kwa muundo wa zamani wa MT sambamba na mpya. Faili la pacs.008, agizo la malipo kati ya benki, ni XML. Taarifa ya akaunti ya camt.053 ni XML. Atakayeajiriwa benki akiwa hajui skima (kanuni za umbo la ujumbe) wala nafasi za majina (namespaces) ataanza upya.

Na skima ni zawadi ambayo watu wanaiacha mezani. Ukipewa faili la XSD, ambalo ndilo skima yenyewe, hakiki kila ujumbe kabla haujatoka kwako. Namba ya simu yenye tarakimu pungufu, tarehe iliyoandikwa siku kwanza, kiasi kilichowekwa alama ya mkato: vyote vinanaswa ofisini kwako, mbele ya karani aliyeingiza, akiwa bado anamwona mteja.

---

#9 · pos_arusha

Wakuu, mimi natengeneza programu ya mauzo ya dukani, inatuma risiti TRA (Mamlaka ya Mapato) kwa njia ya VFD, yaani mashine ya risiti iliyo programu tu. Nayo ni XML yenye saini. Tatizo langu ni vihesabu. Kila risiti inabeba namba ya jumla isiyorudi nyuma na namba ya siku. Duka likiwa na kaunta tatu, na mtandao ukikatika, zinagongana. Halafu kuna risiti zinakataliwa bila sababu ninayoielewa, wateja wengine zinapita, wengine hazipiti.

---

#10 · fundi_mifumo (mleta uzi)

Haya ni maswali mawili, nianze na la pili maana ni la haraka. Angalia majina ya wateja waliokataliwa. Nahisi utakuta kampuni zenye alama ya & katikati. Kwenye XML alama hiyo haikai peke yake, inaandikwa `&amp;`. Na `<` inaandikwa `&lt;`. Ukiunda XML kwa kuunganisha maneno kama nilivyomshauri kijana wa saini, basi kila thamani inayotoka kwa mtumiaji lazima uipitishe kwenye kazi ya kuibadilisha alama hizi kwanza. Kisha kuna ng'. Majina yetu mengi yana ng', na yakinakiliwa kutoka Word ile alama inakuwa ya kupinda. Data ikiwa imehifadhiwa kwa usimbaji wa herufi wa Windows halafu ujumbe unajitangaza ni UTF-8, usimbaji mwingine, kichanganuzi kinakutana na baiti ya 0x92 kinakataa ujumbe wote. Fanya kila kitu UTF-8 kuanzia hifadhidata hadi waya.

Vihesabu sasa. Kaunta zisijipe namba zenyewe. Ziwe na mahali pamoja panapotoa namba, ndani ya muamala wa hifadhidata, ili kaunta mbili zisisome namba moja. Risiti ikishapewa namba, imepewa milele. Mtandao ukikatika inaingia kwenye foleni na namba yake, saini yake na saa yake ya mauzo. Foleni isukumwe na mfanyakazi mmoja tu wa programu, kwa mpangilio. Akishindwa kutuma ya 501, asiruke kwenda 502. Ripoti ya Z, ya kufunga mauzo ya siku, nayo itoke baada ya kuhakikisha risiti za siku hiyo zimeingia kwenye hesabu yake. Mteja dukani anataka karatasi sasa hivi, hilo linaeleweka, kwa hiyo kuchapa kusisubiri kutuma. Kutuma kufuate nyuma yake.

---

#11 · mlinzi_wa_seva

Nashangaa hadi bandiko la kumi hakuna aliyetaja usalama. Niseme mimi.

Mkifungua anwani ya kupokea XML kutoka nje, mmefungua mlango ambao JSON haina. XML inaruhusu nyaraka kujitangazia vifupisho vyake na hata kuvuta maandishi kutoka faili lingine. Mtu akikutumia ujumbe wenye kifupisho kinachoelekeza kwenye faili la nywila la seva yako, na kichanganuzi chako kikatii, jibu lako la kosa linaweza kumrudishia yaliyomo. OWASP, jumuiya ya usalama wa programu, waliliweka shambulio hili peke yake kwenye orodha yao ya hatari kumi ya 2017, nafasi ya nne. Lingine ni la vifupisho vinavyoitana: ngazi chache, kila moja ikiita ya chini yake mara kumi, na faili lisilofika kilobaiti moja linafumuka hadi gigabaiti kwenye kumbukumbu ya seva. Huduma inalala.

Tiba ni kukataa kabisa ujumbe wenye DOCTYPE, sehemu ambamo vifupisho hivyo hutangazwa. Ujumbe wa ankara hauna haja nayo. Java, kwenye DocumentBuilderFactory washa `disallow-doctype-decl`. Python, tumieni defusedxml. PHP, libxml kuanzia 2.9 haivuti vya nje yenyewe, lakini naona watu wanaweka LIBXML_NOENT wakidhani jina lake linamaanisha "bila vifupisho". Inafanya kinyume chake: inavifumua. Itoeni.

Na saini ikaguliwe kabla ya kitu kingine chochote. Anwani yako ya kupokea malipo ikikubali ujumbe wowote unaofanana na wa lango, mtu ataandika XML yake nyumbani na kujilipia bili.

---

#12 · mkuu_wa_kitengo

Mada nzuri sana. Swali la upande wa usanifu. Tuna mifumo sita: ankara, uhasibu, rasilimali watu, stoo, huduma kwa wateja, na ramani za mabomba. Kila fundi anayekuja anaunganisha miwili miwili. Sasa hivi hakuna anayejua nini kinaongea na nini.

---

#13 · fundi_mifumo (mleta uzi)

Mkuu, sita ikiunganishwa kila mmoja na mwenzake ni viungo 15. Ukiongeza wa saba inakuwa 21. Weka kituo kimoja katikati, kila mfumo uongee nacho, na ujumbe ubadilishwe umbo hapo. Apache Camel inatosha, haina malipo ya leseni. Wengine wanatumia WSO2. Kwa taasisi za umma kubadilishana taarifa na taasisi nyingine kuna GovESB, kituo cha namna hii cha e-GA (Mamlaka ya Serikali Mtandao), ulizieni huko kabla ya kujenga njia yenu ya pembeni. Waestonia walianza na X-Road mwaka 2001, kwa XML, ili taasisi zao zibadilishane taarifa kwa utaratibu mmoja, ingawa yao haipitishi ujumbe kwenye kituo cha katikati.

Tahadhari yangu moja: kituo kibebe na kubadilisha ujumbe tu. Kanuni za biashara zikianza kuhamia humo, kwamba mteja wa daraja fulani asamehewe tozo, kwamba ankara ya taasisi isifutwe, utakuwa na mfumo wa saba usio na mwenyewe na wahasibu hawataweza kuukagua. Na kabla ya kununua chochote, waite wakuu wa idara zote sita chumba kimoja, mkubaliane "mteja" anatambulishwa kwa namba ipi. Stoo wana yao, ankara wana yao, ramani wana namba ya mita. Bila hilo kituo kitasafirisha mkanganyiko kwa kasi.

---

#14 · binti_wa_majaribio

Naomba kuuliza, mnajaribuje haya yote? Mazingira ya majaribio ya lango yanajibu vizuri kila mara. Matatizo yote yanatokea kwenye mfumo hai.

---

#15 · fundi_mifumo (mleta uzi)

Swali zuri dada. Jenga lango lako la uongo, kodi ya kurasa chache tu, lenye kazi ya kukusumbua. Lipokee ombi kisha likae kimya. Lijibu baada ya wewe kukata tamaa. Lilete taarifa ya malipo mara mbili kwa sekunde moja. Lilete malipo kabla ya kuleta namba ya malipo, maana mpangilio wa kufika hauna dhamana. Lirudishe HTTP 200 yenye ujumbe wa kosa ndani yake. Lirudishe ukurasa wa HTML wa seva iliyoanguka mahali palipotakiwa XML. Baada ya kila jaribio, angalia jambo moja: deni la mteja limebaki sahihi?

Na kwenye mfumo hai, hifadhi maandishi ghafi ya kila ujumbe uliotoka na ulioingia kabla hujaugusa, pamoja na saa. Pokea, hifadhi, hakiki saini, kiri, halafu ndipo uchakate kupitia foleni. Ukianza kuchakata ndipo ukiri, siku hifadhidata ikiwa nzito utachelewa, lango litadhani hukupata na litatuma tena, na mzigo utaongezeka wakati ambao hauuwezi.

---

#16 · kijana_wa_php

Mrejesho wakuu. Saini imekubali! Kulikuwa na trim() na mpangilio wa mistari baada ya kusaini. Nimeunganisha maneno moja kwa moja kama mkuu alivyosema, nikaweka htmlspecialchars yenye ENT_XML1 kwenye majina, na namba ya malipo imeingia. Sasa naanza usuluhishi wa hesabu kabla hawajaniita wahasibu.

---

#17 · fundi_mifumo (mleta uzi)

Hongera sana. Fungua cheti chako sasa hivi uangalie tarehe ya mwisho wa matumizi, uiweke kwenye kalenda ya ofisi na siyo ya simu yako peke yako. Weka pia kazi ya kila siku inayosoma tarehe hiyo na kutuma barua pepe kwa watu wasiopungua wawili zikibaki siku 60. Kupata cheti kipya kunapita kwenye barua na sahihi za wakubwa, hakuishi kwa siku moja.